Wao wana satelaiti, sisi tutazame mawingu ya nini?

SWALI: Assalaam aleikum. Mimi ni katibu wa BMU, chama cha wavuvi cha kusimamia ufuo, huku Kizingitini, kisiwani Pate, Lamu. Tumeombwa tutoe watu wawili wa kujitolea, wawe wakituma habari za upepo, mvua na bahari kwa simu kila hali inapochafuka, bila malipo. Wazee wamekataa. Wanasema watu wa hali ya hewa wana satelaiti na kompyuta, sisi tuwatazamie mawingu ya nini? Nami nauliza: nikimwambia mtu aliyeketi ofisini kwamba Kizingitini kumevuma, neno hilo atalifanyia nini? Na mbona tahadhari zikitoka mtu hulaza mashua, kisha bahari ikawa shwari?

JIBU: Waaleikum salaam, katibu. Wafikishie wazee salamu zangu na uwaambie swali lao ni la haki. Nimefanya kazi ya utabiri Pwani miaka mingi, na swali hilo nimelisikia Malindi, Mambrui na Faza, kila mara kutoka kwa watu wanaoijua bahari kuliko mimi. Kwa ufupi, satelaiti inaliona wingu, na wewe unaona wingu hilo linawafanya nini watu walio chini yake. Mtabiri anayehitaji kuamua kama atoe tahadhari sasa hivi au asubiri, anakosa hilo la pili.

Tuanze na hiyo satelaiti. Meteosat, ambayo ndiyo tunayoitegemea zaidi upande huu wa dunia, iko juu ya ikweta, karibu kilomita 36,000 kutoka ardhini, na picha yake mpya huja kila baada ya dakika 10 au 15. Inaona mgongo wa wingu tu. Usiku, kwa kuwa hakuna mwanga, inapima baridi ya mgongo huo: wingu lililopanda juu sana huwa na baridi kali, na hapo tunajua lina nguvu. Hesabu hiyo inafaa sana bara, kwenye mawingu marefu ya radi za jioni. Pwani inatuponyoka. Mvua zetu nyingi za usiku na alfajiri hutoka kwenye mawingu mafupi yanayoingia kutoka baharini. Migongo yake haina baridi ya kumshtua mtu, nayo yanamwaga maji mpaka vichochoro vya Langoni, mjini Lamu, vikapitisha mto. Kwenye picha ni wingu kama mawingu mengine.

Kompyuta nayo ina mipaka yake. Modeli, yaani hesabu za kompyuta za kuiga hali ya hewa, huigawa dunia katika miraba, na mraba mmoja wa modeli kubwa za dunia una upana wa kilomita 9, 13 au zaidi. Dharuba inayopindua mashua mbele ya kisiwa cha Ndau inaweza kuwa na upana wa kilomita chache tu, ikaanza na kuisha kabla mtu hajamaliza kikombe cha kahawa. Kompyuta itakwambia vizuri kwamba kesho alfajiri kuna uwezekano wa manyunyu na radi katika kaunti ya Lamu. Kukwambia kwamba ni kisiwa cha Kiwayu, saa kumi na moja, haiwezi.

Vituo vya kupimia navyo ni vichache. Cha Lamu na cha Malindi vimetengana kiasi cha kilomita 135 kwa mstari ulionyooka. Dharuba ikiipiga Kipini usiku, vituo vyote viwili vitaandika upepo wa wastani, na kesho yake daftari litaonyesha kwamba hapakutokea kitu. (Watu wa Ngomeni wana haki ya kutucheka hapa. Kwenye majukwaa ya San Marco, baharini mbele ya kijiji chao, ndiko iliporushwa satelaiti ya Uhuru ya kuchunguza nyota tarehe 12 Desemba 1970, na hadi leo tunawapigia simu kuwauliza kama kwao kumenyesha.)

Wazee watasema: basi wenzetu wenye vyombo vya kila aina hawahitaji watu. Kinyume chake. Marekani ina rada za mvua kama 160 zilizotapakaa nchi nzima, jambo ambalo Kenya hatuna hata karibu yake. Lakini mwali wa rada husafiri moja kwa moja huku dunia ikijikunja chini yake. Kwa pembe ya chini inayotumika sana, nusu digrii, mwali ukifika kilomita 100 kutoka kwenye rada uko mita 1,500 hivi juu ya ardhi, na kwenye kilomita 200 umeshapita kilomita nne. Yanayotokea chini ya hapo, yaani palipo na watu, rada haiyaoni. Kwa hiyo tangu miaka ya 1970 idara yao ya hali ya hewa imekuwa ikiendesha mpango unaoitwa SKYWARN, na waliofunzwa wametajwa kuwa kati ya 350,000 na 400,000: wazima moto, wakulima, madereva, walimu, wenye redio za mawasiliano. Hawalipwi. Hufundishwa kutambua wingu linaloanza kuzunguka, kukadiria upepo wa kilomita 93 kwa saa na zaidi, na kupima mvua ya mawe ikiwa jiwe limefika sentimita mbili na nusu. Mambo hayo mengi ni ya kwao, sisi tuna yetu. Lakini sababu ya kuwataka watu ni ile ile.

Sasa swali lako mwenyewe, la mtu wa ofisini na neno lako. Chukulia alfajiri moja ya vuli, upepo bado haujaamua kuwa kaskazi. Mtabiri wa zamu ana picha ya satelaiti inayoonyesha msururu wa mawingu mafupi nje ya Kiwayu. Modeli imesema manyunyu. Tahadhari ya upepo mara nyingi hutolewa kwa upepo unaozidi noti 25, yaani kilomita 46 kwa saa, na hakuna kitu mbele yake kinachosema noti 25. Akili yake iko katikati, na aliyeko katikati kwa kawaida hunyamaza.

Saa kumi na moja na dakika kumi unaingia ujumbe kutoka Kiwayu: upepo wa ghafla kutoka matlai (mashariki), bahari nyeupe, makuti yameng'oka, mvua kubwa. Ujumbe mmoja. Mtabiri anakaa wima, lakini bado hajui kama ni wingu moja linalokufa au ni jambo linalotembea. Saa kumi na moja na dakika arobaini unaandika wewe kutoka Kizingitini: umefika, namna ile ile. Kutoka Kiwayu hadi kwenu ni kilomita 18 hivi. Kilomita 18 kwa nusu saa ni mwendo wa kilomita 36 kwa saa. Kutoka kwenu hadi mji wa Amu, yaani Lamu, ni kama kilomita 34. Basi likiendelea hivyo litafika Amu baada ya saa moja kasoro kidogo, kwenye saa kumi na mbili unusu, wakati mashua za abiria zinapakia gatini na Mokowe na nyingine zinangoja maji yajae zipite mlango wa bahari wa Mkanda. Sasa tahadhari ina mahali, ina saa na ina sababu. Mtabiri anaweza kuwapigia watu wa gati na askari wa pwani akasema: zuieni vyombo kwa saa moja na nusu, kisha tutawaambia. Hiyo ndiyo kazi ya neno lako, katibu.

Angalia pia kwamba wewe hukutabiri chochote. Hukusema dharuba itafika Amu. Ulisema imefika Kizingitini, saa fulani, na nguvu yake. Kuunganisha ni kazi ya ofisini, na mtazamaji akianza kutabiri ndani ya taarifa yake huniharibia hesabu, kwa sababu sijui tena kipi amekiona na kipi amekikisia.

Kuna mambo ambayo hatuwahitaji kuyagundua, na ni vizuri wazee walijue hilo pia. Kimbunga kikubwa satelaiti hukiona siku nyingi kabla. Hidaya, Mei 2024, ilifuatiliwa tangu ikiwa mbali baharini, Pwani yote ya Kenya ikatangaziwa upepo mkali na mawimbi makubwa, na tarehe 4 Mei ikafikia Mafia, Tanzania, ikiwa inadhoofika. Vimbunga vya aina hiyo ni nadra kuisogelea Lamu, kwa kuwa mko kama digrii mbili tu kusini mwa ikweta, na mzunguko wa dunia ulio chanzo cha wingu kubwa kujisokota hauna nguvu hapo. Hata hivyo, mawimbi marefu ya kimbunga hutangulia upepo, yakasafiri mbali kuliko kimbunga chenyewe. Mtu wa Kiwayu akiniambia kwamba upepo ni mdogo lakini mawimbi yanavunjika mwambani kuliko ilivyo desturi ya mwezi huo, amenipa kitu ambacho hakuna kituo cha nchi kavu kingenipa.

Nije kwenye lawama yenu ya tahadhari na bahari shwari. Silaumu. Kutoa tahadhari kuna gharama: mafuta yameshanunuliwa, barafu imeshanunuliwa, na mwenye samaki Malindi hatangoja. Kunyamaza nako kuna gharama, na gharama yake huwa ni roho. Kwa kuwa hizi mbili hazilingani, mtabiri atatoa tahadhari hata pale anapojua kwamba huenda lisitokee kitu, na lazima nyingine zipite bure. Hata Marekani, pamoja na rada zao zote, kwa miaka mingi kiasi cha tahadhari saba katika kila kumi za tonado, ule upepo mkali unaozunguka kama mkonga kutoka winguni, hazikufuatiwa na tonado iliyothibitishwa.

Mzozo huu una umri mrefu. Uingereza ilianza kutoa tahadhari za dhoruba kwa vyombo vya baharini Februari 1861, chini ya Admirali Robert FitzRoy, zikitegemea habari zilizotumwa kwa simu ya maandishi kutoka bandarini na ishara zilizopandishwa kwenye milingoti ili mabaharia wazione. Alipofariki, kamati ya wataalamu ikasema tahadhari hizo hazina msingi wa kisayansi, zikasimamishwa Desemba 1866. Baada ya kiasi cha mwaka mmoja zikarudishwa, kwa malalamiko ya watu wa baharini wenyewe. Waliona afadhali tahadhari inayokosea mara kwa mara kuliko kimya.

Lakini tahadhari zitakosea vile vile mwaka hadi mwaka ikiwa hakuna anayetuambia kilichotokea. Hapa ndipo wengi wanapokosa kuelewa thamani ya mtazamaji. Tahadhari ikitoka na Kizingitini pakawa shwari, niandikie: saa tatu asubuhi, Kizingitini, upepo mdogo, hakuna mvua, bahari imetulia. Ujumbe huo una uzito sawasawa na ule wa dharuba. Kwanza unaniwezesha kuiondoa tahadhari mapema, msipoteze siku nzima kwa ajili ya asubuhi moja. Pili, baada ya msimu nitaweza kuketi na daftari nikaona kwamba wingu la namna hii, likitokea upande huu, mwezi huu, halifiki kwenu. Ukinyamaza mimi sijui kama kulikuwa shwari au simu yako ilikuwa haina chaji. Kwenye kazi yetu mambo hayo mawili hufanana kabisa, na kwa mitandao ya simu ilivyo huko visiwani, nalazimika kudhani lolote.

Namna ya kuandika taarifa si ngumu. "Huku hali ni mbaya sana, Mola atunusuru" ni dua, na naitikia amina, lakini siwezi kuichora kwenye ramani. Nataka mahali, saa, ulichokiona, umekipima au umekikadiria, na kama kinaendelea au kimekwisha. Mfano: "Kizingitini gatini. Saa 11:40 alfajiri. Upepo wa ghafla kutoka matlai, makadirio. Povu linachorwa mistari baharini. Mvua kubwa. Umevuma dakika kumi, sasa unapungua." Hayo yanatosha, hata kwa sauti.

Saa ndiyo inayotutesa. Mtu akisema "saa nne" tu, kuna saa nne mbili, na kijana aliyezoea simu huenda ana yake ya tatu kichwani. Saa nne asubuhi kwetu simu inaonyesha 10:00, na kwenye chati zetu inaandikwa 07:00, kwa sababu hali ya hewa ya dunia nzima huandikwa kwa saa moja ya pamoja ambayo iko nyuma yetu kwa saa tatu. Usihangaike na hesabu hiyo, tutaifanya sisi. Wewe sema asubuhi, mchana, usiku au alfajiri, wala usisahau hata siku moja.

Nguvu ya upepo hamna chombo cha kuipimia, na si lazima. Mwaka 1805 Francis Beaufort, mzaliwa wa Ireland na afisa wa jeshi la majini la Uingereza, alitunga kipimo cha upepo cha kuanzia 0 hadi 12, na mwanzoni alikipima kwa tanga ambazo manowari ingeweza kuzibeba. Ni lugha ya nahodha tangu asili yake. Bahari ikianza kuwa na vichwa vyeupe vingi, hiyo ni nambari 4, kilomita 20 hadi 28 kwa saa. Mawimbi makubwa yakiota, weupe ukatapakaa kila mahali na marasharasha yakaruka, ni 6, na hapo tayari tumefika kwenye upepo wa tahadhari. Povu likianza kupeperushwa na kuchora mistari kufuata upepo, ni 7, kilomita 50 na zaidi. Nchi kavu, kwenye 7 miti mizima hutikisika na mtu hutembea kwa taabu. Kwenye 8 vijitawi huvunjika. Ukiniandikia "tumetua tanga kubwa tukaweka dogo" nitaelewa pia, ilimradi uniambie ni chombo gani, maana jahazi na ngalawa hazitishiki na upepo mmoja.

Mvua nayo mnaweza kuipima kwa chombo chochote chenye kuta zilizosimama wima, kikiwekwa mahali pa wazi, mbali na paa na minazi, kisha rula. Milimita moja ni lita moja kwa kila mita mraba. Msilione jambo hili dogo. Julai 1997 mji wa Fort Collins, jimbo la Colorado, ulipatwa na mafuriko yaliyoua watu watano. Upande mmoja wa mji ulipata mvua inayozidi milimita 250, na kilomita chache tu kutoka hapo ikapungua hata 50. Mwaka uliofuata chuo kikuu cha hapo kikaanzisha mtandao wa raia wenye vipimo vya mvua nyumbani, na leo umeenea nchi nzima.

Jambo moja nalitilia mkazo kuliko mengine: andika ulichokiona mwenyewe. WhatsApp imetuletea neema na balaa kwa pamoja. Siku hali ikichafuka, video ya mawimbi ya nchi nyingine ya mwaka juzi huzunguka kutoka kundi hadi kundi, na kila anayeituma anaapa ni Shela, hapa Lamu. Ukiwa umeambiwa na mwenzako aliyeko Faza, sema umeambiwa na yeye yuko Faza. Habari ya kuambiwa haitupwi, lakini hukaa pembeni mpaka mtu wa pili aithibitishe. Na watu wawili wenye kutumainiwa, kila mmoja kwa macho yake, wananipa moyo kuliko video mia.

Wazee nao wasidhani tunawafundisha bahari. Hesabu ya miongo (makumi ya siku) tangu Nairuzi, mwaka mpya wa mabaharia, kujua kusi itaingia lini, kuona baridi ya upepo ikija kabla ya mvua na kujua wingu limeshaanza kuporomosha hewa yake: hayo ni elimu, na hilo la mwisho vitabu vyetu vinalieleza vivyo hivyo. Miongo inasema msimu. Asubuhi ya leo, na wingu hili, inataka mtu aliyepo.

Na asitoke kulitafuta. Huko Oklahoma, tarehe 31 Mei 2013, tonado ya El Reno iliwaua Tim Samaras, mwanawe Paul na mwenzao Carl Young, watu walioifanya kazi ya kuzifuata dhoruba kwa uangalifu mkubwa kuliko wengi. Mtazamaji wa kwenu atazame kutoka barazani. Radi ikipiga, hesabu sekunde mpaka ngurumo isikike. Kila sekunde tatu ni kilomita moja. Zikiwa thelathini au pungufu, ingia nyumba ya mawe, na taarifa ingoje. Aliyeko baharini, chini ya mlingoti, ashughulike na chombo chake na wenziwe. Akifika pwani ataandika, na tutaipokea hata ikiwa imechelewa saa mbili, ilimradi saa ya tukio ni ya kweli.

Mkikubali, wa kwanza mchagueni miongoni mwa wanaoamka kabla ya alfajiri, maana dharuba zenu nyingi huja wakati huo. Mwadhini anafaa, au mpokea samaki. Wa pili awe mtu wa nchi kavu asiyesafiri, mwalimu au mwenye duka, mwanamke au mwanamume, mradi simu yake huwa na chaji na ulimi wake hauongezi chumvi. Mkiwa na mtu hodari sana wa kusimulia, mwacheni asimulie barazani. Na kabla ya yote nitumieni mahali halisi atakaposimama kila mmoja, na upande gani haoni kwa ajili ya minazi au majumba. Nikijua kwamba wa gatini haoni magharibi, sitamlaumu kwa wingu lililotokea Siyu.